Binti Aliyetulia

Hapa mtaani kwetu Gitega wananiita Salima Kofia. Nikiwapa kisogo wananiita Salima Mdomo. Yote mawili ni kweli. Nashona kofia za mkono, zile nyeupe za kutoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, na nina mdomo usio na breki. Nimegombana na wauza mkaa, nimegombana na watu wa komini wanaokusanya ushuru, nimegombana na marehemu mume wangu mpaka Mungu akamwonea huruma akamchukua. Kwa hiyo asije mtu akasema mimi ni mwoga wa kusema. Mara moja tu katika maisha yangu nilitakiwa nitoe neno moja la kweli mbele za watu, na mara hiyo hiyo nikasema uongo.

Kassimu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Asili yetu Muyinga. Mimi nililelewa na bibi Ujiji, nikaja kuolewa Gitega. Mwaka 2015, mambo yalipoharibika, Kassimu alikimbilia Tanzania, kambi ya Nduta, yeye na mkewe na binti yao mmoja, Hidaya. Mke akafia huko kwa homa. Mwaka ule Gitega ilipofanywa mji mkuu, watu wakaambiwa nchi ina amani, rudini, naye akarudi. Alipofika Muyinga alikuta kwenye kiwanja cha baba yetu kumebaki ukuta mmoja na migomba ya watu wengine. Akaniletea Hidaya. Akasema, "Dada, kaa naye asome, mimi nijenge kwanza."

Hidaya alikuwa na miaka kumi na minne. Mtoto yule, alipofika kwangu, hakuwa anajua kutembea. Alikuwa anakimbia! Ukimtuma chumvi, hujamaliza kufunga mlango amesharudi, na chenji mkononi, na habari za njia nzima mdomoni. Kambini alikuwa anafuata kuni mbali, anabeba maji, anacheza mpira wa makaratasi na wavulana. Mie nilimwita nikamkalisha chini. "Sikiliza mwanangu, hapa siyo kambini. Msichana wa mjini hakimbii, hacheki mpaka jino la mwisho linaonekana. Maji yataletwa na mtu wa baiskeli. Wewe tulia."

"Sawa shangazi," akasema. Alikuwa na adabu.

Shuleni wakampima Kifaransa, akashindwa. Wakampima Kirundi cha kuandika, akashindwa pia, maana miaka ya kambini shule ilimpita, na Kirundi chake kilikuwa kimebaki cha kusemea nyumbani tu. Wakamweka darasa la tano. Msichana mzima, magoti hayaingii chini ya dawati, amekaa katikati ya watoto wa miaka kumi na mmoja wanaomwita "Mtanzania" na kumwigiza anavyosema. Alivumilia mwaka mzima. Siku moja akarudi, akaweka mkoba nyuma ya mlango, akasema, "Shangazi, siendi tena." Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilimwuliza kama anaweza kushika sindano.

Wallahi alikuwa na mikono! Ndani ya miezi miwili alikuwa anashona kunishinda. Nikamtandikia mkeka pembeni ya dirisha, nikampa kitambaa, uzi na sindano, na pale akakaa. Asubuhi yuko pale, mchana yuko pale, jioni nawasha taa yuko pale. Watu wa wizara waliohamia Gitega wakaanza kuagiza kofia zangu, kumbe si zangu tena. Na sifa zikaanza. Kwetu sisi, watu wa mtaa wa Waswahili, msichana ana sifa moja inayopita zote: ametulia. Hatoki ovyo, sauti yake haisikiki. Wanawake walikuwa wakija kwangu wanamwangalia pale mkekani, kichwa kimeinama, wananiambia, "Salima, umepata mtoto. Wa kwetu wanazurura tu, simu mkononi, lakini huyu ametulia." Mie kichwa kinavimba. Nilijiona mlezi.

Miaka miwili ikapita hivyo, na mimi nilikuwa na macho. Nisijitie hamnazo sasa. Niliona anaacha chakula. Niliona nywele hachani mpaka nimkamate mimi. Alikuwa na simu kuukuu ya baba yake. Sindano ikimchosha anashika simu, anaangalia kivideo kimoja, kikiisha kinaanza tena, wala hacheki wala hakunji uso. Ukimwita anachelewa kugeuka. Ukutani alipokuwa akiegemea pakawa na doa jeusi la mafuta ya kichwa chake, nikalipaka chokaa, likarudi.

Siku moja nilikuwa napepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Shangazi, mimi nimechoka."

"Umechoka na nini wewe?" nikamrukia. "Wewe uliyekaa kutwa! Maji huchoti, jembe hushiki, sokoni naenda mimi na magoti yangu haya. Umechoka na nini?"

Alifikiri. Alikuwa anafikiri kweli, namna mtu anavyotafuta kitu mfukoni.

"Nimechoka kuwepo," akasema.

Nikamwambia asilete maneno ya kwenye simu nyumbani kwangu, aende akasali rakaa mbili. Nikaendelea na mchele wangu.

Aliyeniambia ukweli ni Béatrice. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, anauza vitenge sokoni, kanisani kwao anaimba kwaya, na tumegombana mara nyingi mpaka tumekuwa marafiki. Alikuja kuchukua kofia za mteja wake. Hidaya akampa moja. Béatrice akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha. Kitundu kimoja kilikuwa kimezungushiwa uzi mara hamsini, mara mia, mpaka kitambaa kimechanika. Pembeni yake kingine vile vile.

Akanivuta uani. "Ma Salima, mi nakuambia wazi, huyu mutoto iko mugonjwa."

"Hana homa."

"Hapana ya homa! Ya roho, ya kichwa. Miaka mbili namuona pale pale, kama kiti. Hata muti inatikisika, lakini yeye? Mi niliona hivi kwa kambi, kwa watu yetu wenye kutoka vita. We unasema ametulia. Hajatulia huyu. Amezimika."

"Kwenda zako huko!" nikamwambia. Lakini usingizi ulinipaa, na asubuhi nikampeleka Hidaya kituo cha afya, Béatrice akiwa mbele yetu kama anaongoza maandamano.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimwuliza Hidaya maswali mengi kwa sauti ya chini. Unalala saa ngapi? Rafiki yako nani? Mara ya mwisho kutembea mpaka ukatoka jasho ni lini? Hidaya akajibu lile la mwisho tu: "Kambini." Halafu nesi akanigeukia mimi. Akasema mwili wa umri ule ukikaa miaka miwili mahali pamoja, bila mwendo, bila wenzake, akili nayo inaanza kuzama, na huyu tayari alikuwa na mambo yake aliyoyabeba kutoka mbali. Akasema ni ugonjwa, unatibika, lakini ukiachwa unaua. Alisema hivyo hivyo, unaua. Nimlete kila Alhamisi aonane na mtu wa kuzungumza naye. Na kila siku atembee, saa nzima, na akutane na wasichana wa rika lake. "Mama, dawa ya kwanza ni mlango," akasema. "Mfungulie."

Nikamfungulia. Sitaki mseme sikujaribu. Siku nne tulitoka mimi na yeye asubuhi, tunashuka mpaka sokoni kwa Béatrice, tunapanda tena. Siku ya kwanza alipumua kama mzee, akakaa chini mara tatu. Siku ya pili mara mbili. Siku ya nne aliniuliza jina la mti. Jina la mti! Nilitaka kulia pale barabarani.

Siku ya tano, karibu na soko, wasichana walikuwa wanaruka kamba. Wawili wanazungusha, mmoja anaingia. Hidaya akasimama. Akaweka kikapu chini, akakunja ushungi nyuma ya masikio, akaingia. Aliruka, jamani. Mguu mmoja, miguu miwili, anageuka hewani, vumbi linapanda, wasichana wanahesabu kwa Kirundi, naye anahesabu nao kwa sauti. Na alicheka. Miaka miwili sijasikia kicheko kile, nilikuwa nimesahau kwamba ni kikubwa hivyo.

Sasa nyuma yangu wakapita wanawake wawili wa mtaani, wale wale wa sifa. Mmoja akasema, "Ala! Kumbe ndiye huyu? Mbona nyonga zinacheza barabarani?" Mwenzake akacheka kwa pua.

Damu ikanipanda. Si kwa ajili yao, kwa ajili yangu, kwa sababu ya miaka miwili ya kichwa kuvimba. Nikaingia kwenye kamba nikamshika Hidaya mkono. "Msichana wa miaka kumi na saba! Huna haya? Unanivua nguo mbele za watu?" Nikamkokota mpaka nyumbani. Hakuvuta mkono wake. Kesho yake nilipomwambia tutoke, alisema magoti yanauma, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru. Alhamisi ikaja, sikumpeleka. Ya pili sikumpeleka. Béatrice akaja kunifokea mlangoni, nikamfokea zaidi, akaondoka akisema, "Vraiment, kweli, Ma Salima, utamuzika huyu na bado utasema ametulia." Hatukusemeshana miezi sita.

Mteja wangu mmoja alikuwa Nassoro, mwuza nguo wa Muyinga, mtu anayeheshimika, kwenye safu ya kwanza msikitini hakosi. Alikuja mwenyewe kuchukua kofia za Idi. Akamwona Hidaya mkekani, sindano mkononi. Hidaya hakuinua kichwa.

"Huyu ndiye anayezishona?"

"Ndiye."

"Mashallah. Ametulia."

Mwezi ule ule akaenda kwa Kassimu kumposea mwanawe Amissi. Kassimu alikuja Gitega siku ya pili yake, hakuweza kusubiri. Sijamwona mdogo wangu na uso ule tangu tukiwa watoto. "Dada," akasema, "miaka mitatu nimerudi. Nikipita wanasema mkimbizi yule. Msikitini nikikaa, mtu anasogea kidogo. Nimejenga nyumba, hakuna aliyekuja kuniambia hongera. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu wa Muyinga anabisha hodi kwangu kutaka kitu kizuri. Unaelewa? Sasa ndiyo nimerudi."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nesi, kofia zilizochanika, "nimechoka kuwepo," vyote vilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikaufunga. Nilijiambia ndoa itamwamsha. Atapata nyumba yake na mtu wa kuongea naye. Mama zetu walikuwa wanasema hivyo kwa kila ugonjwa wa msichana, na mimi nikayaokota maneno yao kwa sababu yalikuwa karibu. Kassimu akamwita Hidaya, akamweleza. Hidaya akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa baba," na akarudi mkekani. Kassimu alilia kwa furaha.

Ndoa ilifungwa Muyinga, nyumbani kwa Kassimu, siku chache baada ya Hidaya kutimiza kumi na nane. Nyumba ilijaa. Waliokuwa wanasogea msikitini walikuja na wake zao, wakala wali, wakamshika Kassimu mkono. Chumbani tulikuwa wanawake kumi na tano hivi tumemzunguka Hidaya kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, ushungi umemfunika uso. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, umelegea, haujivuti wala haunishiki.

Sheikh akaja mpaka mlangoni, na nyuma yake Kassimu na mashahidi wawili. Alikuwa sheikh kijana, amesoma. Akauliza kwa sauti ya wazi, "Hidaya binti Kassimu, unaridhia kuolewa na Amissi bin Nassoro?"

Kimya. Wanawake wakatabasamu. Kwetu bikira akiulizwa akinyamaza, anahesabiwa amekubali, maana haya imemziba mdomo. Hata anayejibu haraka husemwa.

Akauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu. Kimya, na mmoja kule nyuma tayari alikuwa amevuta pumzi apige kigelegele. Sheikh akainua mkono.

"Ngojeni," akasema. "Kimya ni idhini kama ni cha haya. Kama ni cha kukataa, siyo idhini. Na mimi sifungishi ndoa kwa kubahatisha." Akatuangalia. "Nani amekaa na huyu binti?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Shangazi," akasema sheikh, "wewe unamjua. Huku kunyamaza ni haya? Au hataki? Au ana shida yoyote ambayo hatuijui? Sema tu. Tukiahirisha leo hakuna dhambi wala aibu."

Alinifungulia mlango wazi kabisa, yule kijana. Sikuhitaji hata ujasiri. Nilihitaji kusema, "Sheikh, mtoto huyu ni mgonjwa." Maneno matano tu. Mimi, Salima Mdomo! Nyuma ya bega la sheikh nikamwona Kassimu, ndani ya kanzu mpya, na kofia aliyoishona Hidaya. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nje nilisikia sauti za wanaume wa Muyinga wakicheka pamoja kwenye uwanja wa baba yetu. Na wale wanawake kumi na tano walikuwa wananitazama mimi, mlezi.

"Ni haya, sheikh," nikasema. "Ndivyo alivyo. Ametulia."

Vigelegele vikapasua nyumba.

Amissi ni kijana mwema, na hilo ndilo linaloniua zaidi. Angekuwa mkorofi ningepata wa kumlaumu. Mwezi wa kwanza mama yake alimsifu mkamwana mtaa mzima. Mwezi wa pili akaanza kusema ni mvivu. Mwezi wa tatu Amissi akanipigia simu. "Shikamoo shangazi. Samahani kukusumbua. Mke wangu haumwi popote lakini haamki. Nikimwuliza nimemkosea nini, ananiangalia tu. Nimemnunulia viatu vya kutembelea, nimwonyeshe mji, hajavivaa. Alikuwa hivi huko kwenu?"

Nikapanda gari asubuhi hiyo. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kati ya kitanda na kabati, mahali pasipoingia hata mtoto vizuri. Miguu imevimba. Mikono mitupu mapajani, ikitikisika kidogo kama inashona. Viatu vilikuwa palepale mlangoni, kwenye boksi lake. Mkwewe alikuwa uani anapika, anasema na sufuria kwa sauti ili nimsikie.

Mimi nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti. Nikamwambia yote: nesi, kamba, Alhamisi, sheikh. Nikasema mimi ndiye niliyekuharibia, mwanangu, nilijua na nikasema uongo mbele ya watu. Nitamwambia mumeo leo, tutakurudisha kwa yule nesi, nitakwenda nawe hata kila siku. Nililia mpaka kanga ikalowa. Hakusogea. Nikamshika mabega, hasira yangu ikapata njia hata pale, si yeye niliyekuwa namkasirikia. "Lakini kwa nini hukusema, Hidaya? Sheikh aliuliza mara tatu! Neno moja tu. Hata kutikisa kichwa!"

Alichelewa kugeuka, namna yake ile. Akanitazama muda mrefu, anatafuta.

"Nilimsikia," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia. "Alikuwa anamwuliza Hidaya. Na mimi nilikuwa nasubiri nisikie atasema nini."

Nikasogeza sikio.

"Halafu ukajibu wewe, shangazi."